Tunaisifu Hita ya Baba Mkwe, Maji Tunaoga Kwingine

Mpendwa mshauri,

Nakuomba msaada, na nakuomba usinicheke mpaka ufike mwisho, maana najua ukisikia kwamba mwanamke mzima mwenye saluni yake na binti wa sekondari ameketi kuandika barua kwa sababu ya hita ya maji ya kuoga utasema huyu kakosa shida za maana, lakini shida ninayo, tena imenikondesha, na wa kumweleza pale nyumbani sina kwa sababu wote tumo ndani ya uongo mmoja na hakuna anayejua tutatokaje.

Chanzo ni baba mkwe wangu, ambaye nampenda, hilo lijulikane mapema. Alikuwa fundi wa malori, maisha yake yote ya kazi yalipita mgongo ukiwa chini na uso ukitazama injini, na alipostaafu akaja kukaa nasi, tukampokea kwa mikono miwili, chumba chenye jua tukampa yeye. Sasa tatizo likawa kwamba alikuja akakaa. Yaani kukaa kwelikweli. Anaamka, ananawa, anakwenda kwenye kochi la dirishani linalotazama barabara, na hapo ndipo jua linamkuta na hapo ndipo linamwacha, ukimpelekea chakula anasema "asante mwanangu," ukimuuliza "Baba, unaumwa?" anasema "siumwi," na mazungumzo yameisha. Mume wangu ni mwoka mikate, mtu wa moyo laini kama unga anaoukanda, akirudi kazini na kumkuta baba yake vile alivyomwacha anakimbilia jikoni kujifanya anatafuta kijiko ili nisimwone machozi, na vijiko tunavyo tele.

Basi siku moja hita ikagoma. Ni ile hita ya umeme ya mtungi, imening'inia ukutani bafuni, tuliikuta humo tulipohamia, na maji yakawa baridi ya kutia kigugumizi. Nikasema tuite fundi. Pale kwenye kochi, mshauri, nikasikia sauti ambayo sikuwahi kuisikia tangu ahamie kwetu: "Fundi wa nini tena? Na mimi ni nani humu ndani?"

Mzee akasimama, akaenda chumbani kwake, akatoka na ovaroli yake ya bluu iliyopauka magotini na boksi la spana, akashinda bafuni mchana kutwa akipiga mluzi, na jioni maji yakawa ya moto, akala sahani mbili, akamsimulia mjukuu wake habari za dereva aliyekuwa analitukana lori lake mpaka likakataa kuwaka, tukacheka sote mpaka binti yangu akapaliwa. Usiku ule mume wangu alilia waziwazi, hakutafuta kijiko.

Kwa hiyo unaelewa kwa nini hita ilipougua tena hakuna aliyethubutu kutaja fundi mwingine. Ikaugua, akaitengeneza, ikaugua, akaitengeneza. Kuna kidude kilichokuwa kinakata umeme maji yakishapata moto, kikawa kinakata hovyo, Baba akakitoa na kuunganisha waya moja kwa moja akasema kidude chenyewe ni kiburi tu. Kuna fimbo fulani aliichomoa ndani imeliwa na kutu nusu nzima, akatuonyesha kama daktari anavyoonyesha jino bovu, akasema "mnaona uchafu mliokuwa mnaogea?" akaitupa. Na pembeni ya mtungi kuna kibomba kidogo kilikuwa kinadondosha matone, yanalowesha ukuta na taulo safi ninazotundika pale chini, na mimi mdomo wangu haujui kukaa, nikasema "Baba, hizi taulo kila siku mbichi." Kesho yake akachonga kijiti, akakigongomea kwenye kile kibomba, akakikaza kwa waya, akaniita nije nione. "Haya, kuna tone?" Kweli hapakuwa na tone hata moja, nikamshukuru sana.

Ila maji yenyewe sasa, mshauri! Ukifungua bomba la moto linakohoa kwanza, kisha yanatoka maji ya rangi ya matope, kisha ghafla yanakuja ya kuunguza ngozi, siku moja nilitoka mbio na povu kichwani nikabaki nimejibanza nyuma ya mlango. Na mtungi wenyewe unanguruma, Baba akishauwasha asubuhi unaanza kunguruma kama kuna mtu humo ndani anahamisha makabati, lakini tumeshazoea.

Hapo ndipo uongo ulipoanza, na naapa hatukupanga. Kila asubuhi Baba anakaa karibu na mlango wa bafu, na kila anayetoka anaulizwa, "Vipi maji?" na yale macho yake mshauri, ungekuwa wewe ungesema nini? Mimi naingia, nafungua bomba la baridi ili asikie maji yanamwagika, nalowesha uso na miguu, najipaka mafuta ya kutosha ili ning'ae kama mtu aliyeoga, natoka nikisema "Baba, leo yamekolea!" halafu nakimbia saluni, kule nyuma kuna bafu na hita ndogo ya kuoshea wateja nywele, naoga huko. Mume wangu naye anaingia, anaimba, mtu ambaye hata harusini kwetu alikataa kuimba, anatoka na taulo begani, na baadaye anaoga kazini kwao. Binti yangu ndiye kazidi, anaficha birika la maji ya moto kwenye kapu la nguo chafu na kulibeba mpaka bafuni kama anakwenda kufua. Tulikutana koridoni siku moja, mimi na taulo yangu kavu na yeye na kapu linalofuka mvuke, tukatazamana, kila mmoja akashika njia yake. Hatujawahi kulizungumza.

Uzalendo ukanishinda, nikanunua hita mpya. Nimeificha saluni kwenye boksi lake nikalifunika kwa kitambaa cha maua, wateja wanalikalia wakidhani ni kiti cha kisasa, mmoja alilalamika kwamba ni kigumu. Sijui hata kama nilichonunua ndicho, muuzaji aliniuliza maswali mengi, maji yenu yakoje, mko wangapi, nami kwa haraka nikajibu "nipe kubwa ya kuoga," akanipa mtungi ambao vijana wawili waliubeba wakihema. Nilimuuliza fundi mmoja kama anaweza kuifunga hita mpya halafu aivalishe ganda la ile ya zamani ili mzee asijue, akacheka mpaka akaketi chini.

Mume wangu nilimwambia kiubavuubavu kwamba pengine tumweleze Baba ukweli, akanishika mkono akasema, "Ukimwambia imemshinda, atarudi kwenye kochi, na safari hii hatainuka." Na mimi naamini. Lakini juzi nilipita kwa kinyozi wa mtaani kwetu kuchukua mashine yangu niliyomwazima, yule kinyozi ana bafu uani, na nani anatoka huko? Baba mkwe! Taulo shingoni, sabuni mkononi, nywele zinadondosha maji, anapiga mluzi! Nikajificha nyuma ya ubao wa matangazo mpaka akapita, na kesho yake asubuhi akaniuliza vilevile, "Vipi maji?" nami nikajibu vilevile, "Yamekolea Baba," tukatabasamiana.

Sasa mshauri nimechanganyikiwa. Anajua kwamba tunajua? Anatupima? Nikimwambia nilimwona, nitamvunjia heshima. Nikikaa kimya, tutaoga kwa majirani mpaka lini? Nisaidie namna ya kubadilisha hita bila kumpoteza mzee wetu, maana hita zinauzwa, yeye hauzwi.

Ni mimi,
Msusi Ninayeogea Kazini


MSHAURI ANAJIBU

Mwanangu Msusi, uliniomba nisicheke mpaka mwisho. Sikuweza. Nilimcheka binti yako na kapu lake, na nilipofika kwa mumeo anayeimba bafuni nilimwita mwenzangu wa meza ya jirani aje tucheke wawili. Halafu nikarudi nyuma kidogo, nikasoma upya pale ulipoandika habari za kijiti, na kicheko kikanikauka.

Gazeti hili lingekufikia baada ya siku kadhaa, na hita yenu haisubiri gazeti. Kwa hiyo nilifanya jambo ambalo huwa silifanyi, niliichukua namba uliyoiandika chini ya barua, nikapiga. Simu ikapokelewa na sauti nzito ya mwanamume.

"Haloo. Mwenyewe kaiacha kwenye chaji. Nani mwenzangu?"

"Mimi ni mshauri wa gazetini, mzee wangu. Wa mambo ya ndoa na familia."

"Kijana wangu kafanya nini?"

"Hajafanya kitu. Nimepiga kuhusu hita."

"Mama, umesema ndoa au hita?"

"Hita. Imewashwa sasa hivi?"

"Imewashwa tangu asubuhi. Unaisikia inavyonguruma? Inafanya kazi vizuri tu."

Nikaona nikianza kumhutubia mtu wa rika lake kuhusu bafu lake atakata simu, na ningekuwa yeye ningekata. Nikamwambia, "Mzee wangu, nikuulize la malori. Dereva anakuja gereji, rejeta yake inachemka. Anakuambia pale mvuke unapotokea kapaziba kwa kijiti na kukaza kwa waya, kwa sababu matone yalikuwa yanamchafulia viatu. Utamwambiaje?"

"Nitamwambia ashuke upesi kabla..." Hakumalizia.

Nilisikia kandambili zikikimbia, mwanangu, na za mtu wa umri ule hazikimbii bure. Nikasikia mlango, nikasikia swichi, kisha nyumba nzima ikawa kimya, hata redio iliyokuwa ikisikika kwa mbali ikazimika. Akarudi akihema. "Nimezima. Nimezima swichi kuu. Hata friji nimelizima."

Nikamwambia kijiti asikiguse, asifungue bomba la moto, asisimame chini ya ule mtungi, aufunge mlango wa bafu na auache upoe wenyewe mpaka kesho yake. Akasema ndiyo, ndiyo, ndiyo, kama kijana wa shule. Friji mliwasha tena, natumaini, ila swichi ya hita iacheni imezimwa, na asiiwashe mtu yeyote kwa heshima ya yeyote.

Sasa nikueleze wewe, kwa sababu wewe ndiye uliyemshukuru kwa kile kijiti. Kile kibomba cha pembeni hakikuwa kibovu. Kazi yake ni kupumua. Maji yakipata moto kupita kiasi, pale ndipo mgandamizo unapopata njia ya kutoka, na matone yalikuwa yanawaambia kwamba ndani kuna joto lililozidi. Kidude alichokiita kiburi ndicho kilichokuwa kinazuia joto lisizidi. Mmetoa kizuizi, mmeziba pua, na kila asubuhi mnawasha. Halafu mnakwenda kufungua bomba la baridi ili mzee asikie maji yanamwagika! Hayo ya moto hakuna anayeyatoa, yanabaki humo yanachemka na hayana pa kwenda. Mtungi wa namna hiyo ukipasuka hauchagui ukuta wala mtu. Mlikuwa mnampenda mzee kwa namna ambayo ingewaua wote wanne, na yeye akiwa wa kwanza, kwa sababu ndiye anayekaa mlangoni.

Nimekukaripia, nimemaliza. Tuendelee.

Baada ya kuzima, sikukata simu, na yeye hakukata. Akaniuliza nani kaniambia. Nikasema, mtu anayekupenda. Akasema, "Basi ni mkwe wangu. Kijana wangu angesema angelia, na mjukuu ana siri kama sanduku." Kisha akasema hivi, nami nilimwomba ruhusa ya kuandika, akaniambia andika tu, yeye mdomo umemshinda:

"Wanadhani sijui. Sabuni ya bafuni haijalowa, mama. Mkwe wangu anatoka kang'aa mafuta lakini taulo kavu. Yule mtoto anapita na kapu linafuka. Mimi mwenyewe naoga kwa kinyozi. Ile hita ilinishinda zamani. Sasa nitasemaje? Kila asubuhi watu watatu wananisifu. Nikisema imenishinda, nitabaki na nini?"

Umesikia, mwanangu? Mmemvika mzee kilemba cha ukoka, naye akakivaa akijua ni cha ukoka, kwa sababu hakukuwa na kilemba kingine. Alikuwa anawahurumia ninyi mnaomhurumia yeye. Na kabla hatujakata simu aliniambia atakachowaambia ninyi, kwamba "kuna waya nauchunguza, msiwashe kwanza." Uongo mtupu! Mnafanana kabisa, ungedhani ni baba yako wa kukuzaa.

Huenda bado mnajiuliza kama hita itengenezwe au ibadilishwe. Fanya hivi: chota maji ya baridi kwenye glasi, uyaangalie. Kama ya baridi ni safi na yale ya moto yalikuwa ya matope, ujue kutu imo ndani ya mtungi wenyewe. Ile fimbo aliyoitupa iliwekwa humo makusudi, iliwe yenyewe ili mtungi usiliwe. Ikiisha huwekwa nyingine. Ikitolewa tu, kutu inahamia kwenye bati. Kwa hiyo kama ingekuwa ni koili ya kuchemshia maji iliyokufa, au kile kidude cha kukata umeme, ningekuambia tengeneza, vipuri vipo na kazi ni ya asubuhi moja. Lakini mtungi uliooza hauna fundi, hata angekuwa nani. Hili mzee alielewa kabla sijamaliza kulisema, akasema ni sawa na fremu ya lori iliyokatika. Kwa hiyo hakuna wa kumlaumu, ile hita ilikuwa imeshajifia.

Habari za kuivalisha hita mpya ganda la zamani sitazijibu. Yule fundi alifanya vizuri kucheka.

Na boksi lako la kitambaa cha maua, libebe ulirudishe dukani kama bado linarudishika, wateja wako watafute kiti. Mko wanne, mnaoga mmoja baada ya mwingine asubuhi. Wewe umenunua mtungi wa kutosha nyumba ya wageni. Utakuwa unachemsha maji ya watu wasiokuwepo, na mtungi wenyewe ukijaa maji utakuwa mzito kuliko mumeo na mifuko yake ya unga. Mtungi wa wastani unawatosha. Zile ndogo za kuchemsha papo hapo, kama ya saluni kwako, ni nzuri pia, lakini zinavuta umeme mwingi kwa mkupuo mmoja na zinataka waya mnene wa peke yake, na nyumba mliyoikuta na hita isiyojulikana ilifungwa na nani, sidhani waya zake zinajulikana. Kama paa ni lenu na jua lipo, ulizeni pia habari za hita ya jua.

Muuzaji akikuuliza tena maji yenu yakoje, usijibu kwa haraka. Tazama ndani ya lile birika la binti yako. Ukikuta ukoko mweupe umeganda chini, maji yenu yana chumvi, na ukoko huohuo ndio uliokuwa unanguruma kwenye hita. Chukua ambayo koili yake inafunguka na kusafishwa, na uulize fimbo ya kuzuia kutu inabadilishwa kila baada ya muda gani. Risiti usiitupe.

Kufunga afunge fundi umeme mwenye kibali pamoja na fundi bomba. Si Baba. Hapo usilegee hata akivaa ovaroli. Injini ya lori na umeme wa bafuni ni vitu viwili, na mtu aliyelowa hapewi nafasi ya kujaribu mara ya pili. Iwe na swichi yake, iwe na waya wa kuingia ardhini, na kile kibomba cha kupumua kielekezwe kwenye shimo la maji machafu, kisizibwe milele. Taulo tundika ukuta mwingine. Jamani, bafu lina kuta nne!

Lakini Baba awepo siku hiyo, tena asikae pembeni kama mgeni. Nenda naye dukani kuibadilisha, yeye ndiye ajibizane na muuzaji. Ukuta wa kubeba ule uzito auchague yeye pamoja na mafundi, bolti azikague yeye, maana bolti anazijua kuliko sisi sote. Na hita ikishakuwa ukutani, kazi ya kuichunguza kila mara na kumwita fundi ikikohoa iwe yake, tena kweli, msiende kuiangalia nyuma yake.

Ila kabla ya duka, leo hii, mkiwa wote wanne sebuleni, mwambieni. Wewe anza, kwa sababu wewe ndiye uliyeandika. Sema, "Baba, hatuogi humo, na mimi nilikuona kwa kinyozi." Usiipambe, usilie, usimshike bega kama mgonjwa. Atanuna kidogo. Mwache anune, ni haki yake. Mtu anayenuna kwa sababu umemwambia ukweli yuko hai kuliko yule anayekujibu "siumwi."

Mumeo anaogopa kwamba mzee atarudi kwenye kochi. Hilo nililiogopa na mimi, nikamuuliza mwenyewe kabla hatujaagana: "Mzee wangu, pale dirishani ulikuwa unatazama nini siku zote zile?"

Akasema hakuwa anatazama, alikuwa anasikiliza. Gari la kusambaza mikate la kazini kwa mumeo hupita pale chini kila asubuhi, na tangu wiki ya kwanza alisikia kuna kitu kinagonga ndani ya injini yake. Anakijua ni nini, anajua kinatengenezwaje, na anasema lisipotengenezwa halimalizi mwaka. Nikamuuliza kwa nini hakumwambia mwanawe.

"Hajaniuliza," akasema. "Kila siku ananiuliza kama naumwa."

Basi mwambie mumeo aache kijiko, atoke jikoni, aende akamuulize habari za lile gari.